Sidiria ya Vifungo vya Mbele

Kama umekatwa ziwa, au umeambiwa kwamba litakatwa, mimi sina dawa ya kukupa, wala siwezi kukuambia kama utapona. Hilo hata mimi sikuambiwa. Ninachokijua ni habari ya nguo ya kuvaa baada ya hapo, jinsi nilivyoitafuta karibu miaka miwili, na watu walionisaidia na walioshindwa kunisaidia. Ninaandika kwa sababu wakati wangu sikuwa na mtu wa kumwuliza. Wanawake wa kwetu hawazungumzi mambo ya kifuani, na daktari ni mwanamume.

Mimi ni mke wa mkulima wa Hasamba. Kwa kuzaliwa ni Mnamwanga wa Tunduma. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, kisha nikaolewa huku juu Mbozi kwa Wanyiha. Tuna migomba, mahindi, ulezi, na kahawa ambayo mume wangu Lazaro aliipanda kwa mkono wake mwenyewe wakati majirani bado wanamcheka. Watoto wetu ni wanne. Wa kwanza ni Enoki, ndiyo maana naitwa Mama Enoki. Wa mwisho ni Ruti, na nilipougua alikuwa bado ananyonya.

Ruti ndiye aliyegundua. Tulikuwa tunapanda maharage ya mvua za mwisho alipoanza kulikataa ziwa la kushoto. Nikimweka upande huo anageuza uso na kulia. Nikajibonyeza, nikakuta kitu kigumu ndani, kadiri ya punje ya hindi bichi, hakiumi. Mama mkwe wangu akasema maziwa yameganda. Akanichemshia majani, akanikanda asubuhi na jioni kwa kitambaa cha moto, tena kwa upendo, maana mama yule hana ubaya na mtu. Simlaumu. Lakini tulikanda mpaka maharage yakavunwa, tukakanda mpaka kahawa ya kwanza ikaanza kuiva, na ile punje ikawa kama yai, na chuchu ikaingia ndani.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa dresa wa zahanati ya misheni. Alinitazama kidogo tu, akaosha mikono, akaandika barua na kuibandika bahasha. Akasema niipeleke hospitali kule Mbeya, nisingoje kahawa iishe. Njiani kurudi nyumbani niliishika ile bahasha kwa vidole viwili. Nilijua kusoma, lakini barua ilikuwa ya Kiingereza.

Tulipanda lori Vwawa, mimi na Lazaro, juu ya magunia. Ruti nilimwacha kwa wifi yangu. Nilimnyonyesha ziwa la kulia kabla ya kuondoka, na sikujua kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho. Laiti ningejua ningekaa naye zaidi. Nilimwondoa haraka kwa sababu ya lori.

Hospitali kulikuwa na baraza ndefu yenye benchi la saruji, na pale tulikaa siku mbili kabla ya kuitwa. Kila mtu alikuwa na bahasha yake mkononi. Maziwa ya upande wa kulia yalijaa mpaka yakalowesha kanga, nikawa naenda nyuma ya jengo kuyakamua ardhini. Kila niliporudi Lazaro alikuwa ananipa nafasi yangu bila kuniangalia. Tangu tutoke nyumbani alikuwa hajasema maneno kumi.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye haraka. Alinipima, akanawa, akazungumza na mkalimani, mkalimani akazungumza na Lazaro. Lazaro akatikisa kichwa akikubali. Mimi niliulizwa jina tu. Kisha ikaja karatasi ya kutia sahihi, wakampa mume wangu. Yeye hakusoma shule, akachovya kidole gumba kwenye wino. Mimi niliyejua kuandika jina langu nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika kanga kifuani, natazama kile kidole cheusi kikishuka.

Nje nikamwuliza wamesema nini. Akafuta kile kidole chenye wino kwenye suruali. Kisha akasema, "Wanalitoa lote, Mama Enoki. Wamesema wasipolitoa utatuacha."

Basi. Sikulia pale. Nilimwomba anisaidie kushuka ngazi.

Ya chumba cha upasuaji siyajui. Nakumbuka harufu ya ile dawa ya usingizi, kali na tamu, na kitambaa usoni. Nilipozinduka nilikuwa na kiu, na kifua kimefungwa bandeji ngumu mpaka pumzi inaingia nusunusu. Mpira mwembamba ulitoka ubavuni kwenda kwenye chupa. Mkono wa kushoto sikuweza kuuinua hata kufukuza nzi.

Kitanda cha pili alikuwa mwanamke wa Ivuna, kule bondeni karibu na Ziwa Rukwa. Alikuwa amekatwa la kulia siku nne kabla yangu. Jina lake Tabita, mjane, mchemshaji chumvi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka viwikoni, kwa ajili ya vyungu. Lugha yake na Kinamwanga changu zinasikilizana, basi tukawa tunaongea. Yeye ndiye aliyenifundisha kunywa maji nimelala, na kuweka mto chini ya mkono uliovimba. Siku ya kutolewa nyuzi alitangulia yeye. Aliporudi akasema haiumi kama inavyodhaniwa. Alidanganya, lakini nilikwenda nikiwa mtulivu.

Sista wa wodi, Mzungu mzee aliyejua Kiswahili vizuri, alitufundisha kutembeza vidole ukutani, kila siku juu kidogo kuliko jana. Tukawa tunasimama mimi na Tabita mbele ya ukuta mweupe, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Huyo sista ndiye wa kwanza kututajia sidiria. Alisema kidonda kikikauka tutahitaji kitu cha kulishika ziwa lililobaki, la sivyo mgongo utapinda na kovu litavutwa. Tabita akamwuliza hicho kitu kinapatikana wapi. Sista akafikiri, akasema kwao Ulaya ziko za namna hiyo, lakini hapa hajui.

Tuliachana na Tabita penye lori. Mwanawe mkubwa, Neema, alikuja kumchukua kwa miguu kutoka Ivuna. Tukakubaliana kwamba atakayetangulia kupata nguo nzuri atampelekea habari mwenzake.

Nilifika nyumbani kahawa bado inachumwa, baridi ya Mbozi imekaza. Ruti alikuwa ameachishwa. Alinitambaalia mapajani kama kawaida, akaingiza mkono chini ya kanga upande wa kushoto, akapapasa, akatulia. Akautoa mkono akaniangalia usoni. Kisha akaenda upande wa kulia, na huko maziwa yalikuwa yamekauka. Alilia mpaka wifi akaja kumchukua. Mimi nilikaa palepale. Hakukuwa na kitu ambacho ningeweza kumpa.

Sasa niseme ya nguo.

Usidhani nilitafuta sidiria kwa ajili ya urembo. Mwanzo nilijifunga kanga tu, kama wanawake wote wa kijijini. Lakini ziwa lililobaki lilikuwa zito, maana nimelea watoto wanne, na lilivuta ngozi yote kuelekea kulia. Nikiinama kupalilia, kovu linachoma kama moto. Bega la kushoto lilipanda juu. Kanga ilikuwa inateleza upande ule usio na cha kuishikilia, nami nikawa natembea nimeishika kwa mkono mmoja siku nzima. Fikiria kuteka maji hivyo, au kubeba mtoto. Na kanisani, kwaya ya akina mama tunavaa blauzi nyeupe. Jumapili ya kwanza nilipoivaa nilijiona kwenye kioo cha dirisha la kanisa. Niligeuka nikarudi nyumbani, na sikuimba tena mwaka ule.

Dada yangu Eseli anakaa Tunduma, anafanya biashara ya maharage na samaki wakavu na watu wa ng'ambo ya mpaka. Nilimwandikia. Alikuja mwenyewe, amebeba sidiria ndani ya boksi la karatasi lenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Aliinunua dukani. Ilikuwa ya waridi, inang'aa, na vikombe vyake vimesimama kwa ncha kama pia za watoto. Mama mkwe alipoiona akatoka nje. Baadaye nilimsikia akimwambia wifi kwamba nguo ile huvaliwa na wanawake wa mabaa ya barabarani, na kwamba mkwe wake ameponea chupuchupu kwenye kaburi, sasa anataka kumtia aibu. Nilisikia yote.

Ile sidiria ilinishinda kwa mambo matatu. Ukanda wake wa chini ulikuwa na waya uliopita juu ya kovu hasa. Kikombe kitupu kilibonyea na kubaki na kishimo. Na kulabu zake zilikuwa mgongoni, mkono wangu wa kushoto haufiki huko.

Hata hivyo niliijaribu, Jumapili asubuhi, mlango umefungwa. Nilijaza kikombe kwa maharage ndani ya soksi ya Enoki. Nikapeleka mikono nyuma, nikashindwa, nikajaribu kuifungia mbele kisha kuizungusha, ikakwama kwenye kovu. Lazaro aliingia kuchukua koti lake. Tangu nirudi alikuwa analala kwenye kitanda cha watoto wa kiume, akisema anaogopa kuniumiza. Alikuwa hajaniona kifua. Nilimpa mgongo upesi, nimesimama na zile kamba zinaning'inia.

Niliamini atatoka. Alikuja akasimama nyuma yangu. Vidole vyake ni vigumu kwa jembe, na zile kulabu ni ndogo mno. Alihangaika nazo muda mrefu, anaikosa moja, anarudia. Sikumwona uso. Alipomaliza zote tatu akaacha mikono yake pale mgongoni, akasema, "Mimi ndiye niliyeweka kidole." Nikamwambia najua. Akasema tena, "Hawakuniambia nikuulize." Nikamwambia hilo nalo najua. Alichukua koti akaenda kanisani. Mimi niliivua ile sidiria kabla hajavuka mto, maana ilikuwa inanikata. Lakini wiki ile alirudi kitandani kwetu.

Eseli hakukata tamaa. Safari ya pili alileta nyingine kutoka ng'ambo, ya pamba laini, haina waya. Alisema mwanamke wa Kibemba aliyemuuzia ameapa kwamba ni ya kina mama wanaonyonyesha. Hiyo ilikuwa bora, ila chini yake ilikuwa na lastiki. Asubuhi unaivaa vizuri, mchana mkono unavimba, kufikia saa kumi vidole vimejaa kama ndizi na pete haitoki. Wewe unayesoma, lastiki isikuguse upande uliokatwa. Mimi nilivaa hiyo miezi mitatu nikidhani uvimbe ni ugonjwa umerudi. Nilikuwa nalala macho wazi nahesabu nani atamlea Ruti. Nilipoiacha kwa ajili ya kuifua, mkono ukapungua. Nililia kwa hasira na kwa furaha pamoja.

Maharage nayo yalikuwa hayafai. Yanajikusanya chini, yanagonga mbavu, na mtu akikaa karibu anayasikia. Nikabadili nikatia ulezi kwenye mfuko wa kitambaa, ndani ya ile sidiria ya pamba niliyoikata lastiki, kwa kuwa ulezi ni laini na unafuata mwili. Hapo nilifurahi. Ulikuwa na uzito, ulipata joto langu, na kwa mara ya kwanza mabega yangu yalilingana. Nikavaa wiki mbili za masika, tunapalilia kwenye manyunyu. Siku moja mama mkwe akaniuliza harufu ile inatoka wapi. Nikaingia ndani nikafungua mfuko. Ulezi ulikuwa umeota vimizizi vyeupe.

Nilibaki nimeushika sijui niuweke wapi. Mama mkwe alinifuata, akautazama mfuko, akanitazama mimi. Sisi ni nyumba ya kanisa, pombe haipikwi kwetu. Akasema, "Mwanangu, unaotesha kimea kifuani?" Kisha akacheka, nami nikacheka mpaka nikashika kovu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu barua ya dresa. Akauchukua mfuko wangu, akamwaga ulezi kwa kuku, akaweka chungu motoni na kukaanga ulezi mwingine polepole bila kuuchoma. Ulezi uliokaangwa hauoti. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa ananikaangia, kila mwezi, bila kuombwa, na maneno ya wanawake wa mabaa sikuyasikia tena.

Ilibaki nguo yenyewe. Vwawa kulikuwa na fundi cherehani mzuri, lakini mwanamume, na kushona sidiria ni lazima apime. Nilikwenda mpaka kwenye kibaraza chake mara mbili, mara zote mbili nikajifanya nimeleta suruali ya Enoki. Mara ya tatu Eseli alikuwa nami. Kabla ya kutoka alinipima nyumbani kwa uzi wa katani, akafunga fundo mahali pa kila kipimo: bega mpaka chini ya ziwa, kwapa mpaka katikati, mzunguko wote. Akampelekea fundi ule uzi, akamwambia ni wa mgonjwa, asiulize zaidi. Fundi yule, Mungu ambariki, hakuuliza. Alisema tu kwamba vipimo vya kushoto na kulia havilingani, je, ashone hivyo hivyo? Eseli akamwambia ashone hivyo hivyo.

Ya kwanza aliyoshona haikunitosha, ya pili ilikuwa na mshono uliopita juu ya kovu. Ya tatu nilimpa kitambaa mwenyewe: marikani kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, iliyokuwa shuka letu la arusi. Nikamchorea kwa mkaa juu ya ubao. Mikanda ya mabega iwe mipana, vidole vitatu, isiingie nyamani. Vifungo viwe mbele, vikubwa, vitano, mtu avifunge kwa mkono mmoja. Kwapani kukatwe chini sana. Upande mtupu uwe na mfuko kwa ndani, wenye mdomo, wa kutia pamba kwa juu na kifuko cha ulezi kwa chini, ili ziwa la bandia lisipande shingoni ukiinua mikono. Chini badala ya lastiki kuwe na kamba ya kufunga, uilegeze mkono ukivimba. Na mishono yote igeuzwe nje. Hilo la mwisho fundi lilimsumbua. Alisema watu watamcheka, mshono hauonyeshwi. Eseli akamwambia hakuna mtu atakayeuona.

Niliivaa siku ya kwanza ya kuchuma kahawa, mwaka wa pili tangu nikatwe. Nilichuma mpaka adhuhuri ndipo nikakumbuka kwamba nimeivaa. Hivyo ndivyo utakavyoijua iliyo nzuri: utaisahau.

Kwa hiyo nikamtumia habari Tabita, kwa wachuuzi wa chumvi wanaopanda kutoka Ivuna. Nikaeleza habari ya uzi na mafundo. Ulipita mwezi. Mchuuzi akarudi na uzi umeviringishwa kwenye jani, mafundo yake saba, yamekazwa vizuri. Nilifurahi nikaanza kukata kitambaa siku ileile. Hii sikumpa fundi. Nilishona kwa mkono, kwa sababu nilitaka iwe kazi yangu.

Nakuambia mapema usije ukasoma ukitumaini: Tabita amekufa. Alikufa kabla mvua hazijaanza, na mimi nilifika kwake kabla ya hapo, kwa miguu, siku tatu na Lazaro na wachuuzi, tukishuka kutoka baridini mpaka kwenye joto la bonde. Nilipoukaribia mji wake nilikuwa nimeitoa sidiria kwenye kikapu tayari, nimeshika mkononi.

Neema alinipokea nje. Alipoiona ile nguo aliangalia chini. Aliniambia kwamba uzi ule walimpimia mama yake akiwa amekaa, na kwamba tangu siku zile mambo yamebadilika. Akaniingiza ndani.

Tabita alikuwa amelala kwa ubavu, amekonda, macho makubwa. Kovu lake lilikuwa limefunguka. Uvimbe umerudi juu yake, mwingine mwingine, mpaka karibu na shingo, na kidonda kimefunikwa kitambaa chenye asali. Hakukuwa na mahali ambapo nguo yoyote ingeweza kugusa. Nilisimama nimeishika ile sidiria yangu yenye vifungo vitano, nikataka kuificha nyuma, lakini alikwishaiona.

Akaniamkia kwa jina. Akaomba aishike. Nikampa. Aliipapasa kila mahali kwa vile vidole vyake vyenye makovu ya moto, akavuta mkanda, akahesabu vifungo, akaingiza mkono kwenye mfuko. Nilikuwa nasema maneno tu, kwamba nitaleta dawa, kwamba nitakwenda kwa dresa, kwamba turudi hospitali kwa machela. Yeye na mimi tulijua kwamba hospitali ni mbali na hana nyama ya kukata tena. Aliningoja nimalize.

"Mama Enoki," akasema, "nilitaka kuona inavyokaa. Ivae wewe."

Nikamwambia nimevaa yangu, ni sawa na hiyo.

"Basi vua blauzi nione."

Ndani mle walikuwamo Neema na mdogo wake, na jirani mmoja mwanamke aliyekuwa anampepea nzi. Mimi sikuwahi kumwonyesha mtu kifua changu. Eseli alinipima amefumba macho nusu. Hata Lazaro, ni mgongo wangu alioujua kwanza, na mengine aliyajua taratibu. Niliangalia mlangoni. Lazaro alikuwa nje kwa mbali na wachuuzi, amekaa juu ya mzigo.

Nikavua blauzi. Nikasimama mbele ya kitanda chake. Akaniambia nigeuke, nikageuka. Akaniambia niinue mikono, nikainua, wa kulia mpaka juu, wa kushoto mpaka ulipofika. Aliangalia kama haipandi. Haikupanda. Akasema mishono imekaa nje kama nguo iliyovaliwa kinyume, nikamweleza kwa nini, akatikisa kichwa akikubali. Kisha akaomba nifungue vifungo aone vinavyofunguka. Nikavifungua kwa mkono mmoja, cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, nikasimama wazi mbele ya wote.

Jirani aliacha kupepea. Neema alikuwa analia bila sauti. Tabita alinyoosha mkono akaligusa kovu langu, kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua, akatafuta kama kuna kitu kigumu. Alipapasa kwa muda, tena alibonyeza kama wanavyobonyeza madaktari. Aliporidhika akaushusha mkono.

"Lako limefunga vizuri," akasema. "Funga usipate baridi."

Kule hakuna baridi. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Lakini nilivifunga vyote vitano, kimoja kimoja, yeye akitazama, na nilipomaliza sikujua nifanye nini kingine, nikampokea yule jirani kipepeo nikaendelea kupepea.